Chura wa Kihansi amerudi, lakini amerudi nani?

Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walikusanywa kwenye korongo la mto Kihansi, huko kwenye mteremko wa milima ya Udzungwa, wakasafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Vijiweni ukawa utani wa miaka: binadamu ananing'inia mlangoni mwa daladala, chura anapanda ndege. Utani huo haujafa mpaka leo, na nadhani haujafa kwa sababu una swali halali ndani yake. Nchi yenye mgawo wa umeme inadaiwa nini na mnyama anayeenea juu ya kidole gumba?

Mnyama mwenyewe ni wa ajabu. Dume ana sentimita mbili hivi, jike hafiki tatu, na rangi yake ni ya dhahabu. Hatagi majini kama vyura wengi. Anazaa watoto waliokwisha kuwa vyura, kila mmoja kama punje ya mchele. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi kwamba mara nyingi watoto wanaonekana wakiwa bado ndani. Duniani kote hakupatikana pengine ila hapo, kwenye hekta mbili hivi za majani na mawe zilizoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Mwaka huohuo Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuwai, yaani wa kulinda aina mbalimbali za viumbe. Mitambo ilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji ilielekezwa kwenye handaki, na manyunyu yakakatika.

Wanaoutetea umeme wasibezwe. Kihansi inafua megawati 180. Wakati ule, kwa mitambo ya maji nchini, ni Kidatu tu, yenye 204, iliyoizidi. Kila lita inayoachiwa ishuke kwenye maporomoko ni lita isiyozungusha mtambo, na umeme ukikatika wodini usiku, hakuna muuguzi atakayemwambia mgonjwa habari za chura. Tena mradi wa kutunza mazingira ya Kihansi uliendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mkopo ni deni. Mlipakodi akiuliza fedha zake zilikwenda wapi, anastahili jibu lenye adabu, asiambiwe tu kwamba hajui thamani ya viumbe.

Kwa upande mwingine, watetezi wa chura huiharibu kesi yao wenyewe wanapokimbilia ile hoja ya "huenda ngozi yake ina dawa". Huenda ina, huenda haina; huwezi kuombea fedha za umma kwa huenda. Hoja yao nzito ni kwamba kiumbe huyu hana kwao kwingine. Tembo akifukuzwa bonde moja ataonekana bonde jingine. Huyu alikuwa na korongo moja, sisi tukafunga bomba lake.

Lakini jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka ni vinasaba. Baada ya maji kupungua, korongoni vilifungwa vinyunyizio vya kuiga manyunyu, na kwa muda vilifanya kazi: hesabu ya katikati ya mwaka 2003 ilikaribia vyura 21,000. Wiki chache baadaye walianguka karibu wote. Mshukiwa mkuu ni kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura. Wengine wananyoshea kidole viuatilifu vya mashambani vilivyosombwa na tope la bwawa lilipofunguliwa. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likatangaza kwamba porini ametoweka. Huko Marekani nako wale 499 hawakuwa salama. Walikufa kwa magonjwa na mazingira mageni, na kufikia mwishoni mwa 2004 waliobaki hai hawakufika mia. Wote waliopo leo kwenye vizimba ni uzao wa hao.

Mkulima aliyeunguliwa na ghala akabakiwa na debe moja la mbegu anaweza kulijaza tena ghala baada ya misimu kadhaa. Ukilichungulia, limejaa. Lakini ile mbegu iliyostahimili ukame na ile iliyoshinda wadudu, kama hazikuwemo kwenye debe, hazitarudi kwa kuzidisha magunia. Ndivyo ilivyo kwa chura huyu. Mwaka 2010 mia moja walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiwa korongoni. Idadi ilikuwa ya kufurahisha, lakini idadi si uanuwai, yaani tofauti za vinasaba. Kundi lililozaliana ndugu kwa ndugu, katika vizimba visivyo na kuvu, linapelekwa kwenye bonde ambako kuvu huenda bado yupo. Mhifadhi anayesita kuachia vyura zaidi naye si adui wa uhifadhi.

Mimi naona hesabu ya umeme imebadilika kuliko tunavyokiri. Mtambo mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere ni megawati 235, zaidi ya Kihansi nzima, na iko tisa. Tena mto Kihansi unamwaga Kilombero, Kilombero unaingia Rufiji, lilipo bwawa hilo, kwa hiyo maji yanayoachiwa chura yanaendelea na safari hadi kwenye mitambo hiyo. Dai la mwaka 2000 kwamba nchi haiwezi kumudu kuyaacha lilikuwa na uzito. Leo limepungua sana. Kama fedha ni kidogo, ningezitumia kwanza kubadilishana vyura kati ya vizimba vya Dar es Salaam na Marekani ili damu ichanganyike, kabla ya kuhesabu waliomwagwa korongoni.

Na korongo lenyewe halihitaji makubwa. Anayeingia huosha viatu kwa dawa ya kuua kuvu. Vinyunyizio, pamoja na kuwa jirani na mtambo wa umeme, havitumii umeme; maji hushuka yenyewe kwa mteremko. Lakini matundu yake ni madogo, na lazima awepo mtu wa kuyazibua.