Pikiniki Yao, Mgongo Wangu

Ile Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa nimekaa barazani na triko mbili mwilini, moja juu ya nyingine, nakunywa chai ya tangawizi polepole ili isiishe kabla jua halijafika. Ndipo nikasikia neno "pikiniki".

Lilitoka kinywani mwa shemeji, kaka yake Mama Neema, aliyekuja kutoka Liège, Ubelgiji, kwa likizo na mabegi mawili: moja la nguo, moja la chokoleti. Huko aliko Julai ni majira ya joto. Watu wanatandika shuka kwenye majani, wanavua viatu, wanalamba aiskrimu hadi inawatiririka kwenye kiwiko. Sawa. Lakini hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, Julai ni kiangazi, na kiangazi chetu ni vumbi mchana na blanketi la pili usiku. Mji uko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwenye shida ya joto ashuke Uvira, kule hata maji ya bomba yana homa.

"Shemeji," akasema, tena mbele ya watoto, na hilo ndilo kosa lake la kwanza, "hawa hawajawahi kula aiskrimu ya kutengeneza nyumbani?"

Watoto wangu walikuwa watu wa amani. Ukiwapa muwa wanatafuna, ukiwapa ndizi wanasema aksanti. Sasa wakanigeukia wote wanne, macho makavu, kama watu waliogundua kwamba baba yao aliuza kiwanja cha urithi kimyakimya.

"Hatuna mashine," nikajitetea.

"Mashine ya nini? Ndoo kubwa, ndoo ndogo yenye kifuniko, barafu, chumvi. Basi."

Akaanza kueleza. Barafu peke yake inakaa kwenye sifuri, na maziwa yenye sukari hayagandi kwenye sifuri. Ukiitia chumvi, barafu inalazimika kuyeyuka hata kama baridi bado ipo. Ili iyeyuke inataka joto, na joto hilo inalinyang'anya ndoo ndogo iliyoko katikati. Ukichanganya vizuri unaweza kushuka hadi karibu digrii 20 chini ya sifuri. Nilisikiliza, nikakubali. Ila kuna kitu hakukitaja: katika sayansi hiyo yuko mtu wa kueleza, na yuko mtu wa kuzungusha ndoo.

Tukaanza na chumvi, kilo tatu. Mama Neema akaitazama ile mifuko, akanitazama mimi.

"Papa Neema, ni aiskrimu ao ni samaki ya kukausha?"

Barafu ndiyo iliyonitoa jasho, na hapo bado sijaigusa. Nyumbani tuna friji. Ukiifungua utakuta unga wa muhogo, mashuka ya wageni na cheti chetu cha ndoa. Ni kabati nzuri sana, panya hawaingii. Zamani ilikuwa friji kweli, kabla delestaji, ule mgao wa umeme, haijaishusha cheo. Na si kwamba tuko mbali na umeme. Maji ya Ziwa Kivu yanatokea hapa hapa mjini kwetu, yanaingia mto Ruzizi, na bwawa la kwanza la umeme lilijengwa pale kabla hata ya uhuru. Nyaya zinapita juu ya bati langu. Zinapita tu, kama tajiri anayekusalimia kwa honi.

Nikapanda Kadutu kwa mama mmoja mwenye kongelateri na jenereta. Anagandisha maji kwenye mifuko ya plastiki, bega kwa bega na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nikachagua mifuko yangu, nikampa noti ya dola kumi. Akaiinua juani. Akaigeuza. Akapitisha kidole pembezoni, taratibu, kama daktari anayetafuta jipu.

"Papa, hii imepasuka."

"Wapi?"

"Hapa."

Nikavaa miwani. Kweli, palikuwa na mpasuko, urefu wa ukucha wa mtoto mchanga. Kwetu dola ni bibi harusi: ikionekana na doa dogo tu, inarudishwa kwao. Nikashuka nyumbani kuchukua noti nyingine, nikapanda tena, na nilipofika barafu niliyotengewa ilikuwa imeshaanza kulia.

Wakati huo shemeji alikuwa anasoma kanuni kwenye simu. Viini sita vya mayai, gramu 200 za sukari, lita moja ya maziwa ya moto, kijipakiti cha sukari ya vanila, halafu unapika hadi mchanganyiko ung'ang'anie mgongo wa mwiko. Bila kuchemsha! Alisema "bila kuchemsha" mara tatu, akiwa amekaa. Sasa jiko la makaa halina kitufe, lina tabia. Ukilipepea linakasirika, ukiliacha linanuna. Lita ya kwanza ikawa mayai ya kukaanga yenye harufu ya keki. Watoto waliyala na mkate wakasifu, wakadhani ndiyo aiskrimu yenyewe, na laiti ningenyamaza hapo hadithi ingeishia hapo. Lakini nina kinywa. Lita ya pili niliipika sufuria ikiwa hewani mikononi mwangu, nashusha, napandisha, nashusha, kama padri na chetezo.

Likabaki suala la mahali. Wenyeji tunapenda kusema Bukavu ni mkono wenye vidole vitano uliochovya ziwani, kwa sababu ya zile rasi zetu tano. Wageni wakisikia hivyo wanadhani unaamka tu, unanawa uso ziwani. Kila kidole kimeshavishwa pete, yaani ukuta wa mtu, na geti, na mlinzi anayekuuliza unamtafuta nani. Unamtafuta nani! Natafuta maji, kaka. Ukitaka kukaa karibu na ziwa bila kujuana na mtu, unalipia kiti, unalipia soda, na chakula ulichotoka nacho nyumbani kinabaki mlangoni.

Bahati Mama Neema ana mama yake mkubwa kule Nguba, ambaye kiwanja chake kinashuka hadi majini. Neno la kutilia maanani hapo ni "kinashuka". Ngazi 112. Nilizihesabu wakati wa kuteremka na ndoo na niliposimama kupumzika nikazihesabu upya, nikidhani nimekosea.

Familia ilikwenda kwa taksi. Mimi na barafu tulikwenda kwa pikipiki, maana ilikuwa inayeyuka na taksi ilikuwa bado inasubiri abiria wa sita. Motari alikuwa kijana wa upande wa Beni, mpole, akanisaidia kushusha ndoo. Nilipotaka kumlipa akatazama noti yangu, akaona ile ile ya mpasuko (nilijaribu tu), akacheka, akasema atangoja nitafute franga. Ndivyo alivyoingia pikiniki.

Tukapanga: ndoo ndogo katikati, barafu iliyopondwa pembeni, chumvi juu, barafu tena, chumvi tena. Kisha kazi. Unashika mkono wa ndoo ndogo unazungusha kushoto kulia, kila baada ya muda unafungua, unakwangua kilichoganda ukutani, unafunika, unaendelea. Dakika kumi za kwanza ni mchezo, watoto wanagombania. Dakika ya kumi na moja watoto wote wameona boti ya kisiwa cha Idjwi. Dakika ya ishirini niko peke yangu, vidole havinijui tena, na upepo wa ziwani unaingia kwenye triko zote mbili. Shemeji ananipiga video.

"Cheka kidogo, shemeji!"

Kufikia dakika ya arobaini ikashika. Nzito, laini, rangi ya siagi changa. Nilitaka kulia. Nikajaza kijiko, nikamwonjesha Mama Neema wa kwanza, kama inavyopasa. Akafumba macho. Akafumbua jicho moja.

"Iko na chumvi."

Nilionja. Wakati wa kukwangua, kale kamaji ka pembeni kalivuka ukingo kakaingia. Si chumvi ya kutema, lakini ni chumvi ya kujiuliza. Watoto wakaanza kunitazama tena ile tazama ya kiwanja cha urithi. Ndipo shemeji akaonja, akasimama, akainua kijiko.

"Lakini hii ni karameli ya siagi yenye chumvi! Ufaransa, kule Bretagne, watu wanalipa zaidi kwa ajili ya chumvi hii!"

Ikaliwa yote. Nataka mwelewe hapo. Kosa langu likisemwa na mimi ni kosa, likisemwa na mtu wa Liège ni mapishi.

Baada ya hapo akafungua begi la chokoleti, akatutangazia kwamba sasa tutaonja. Si kula, kuonja. Vipande vinne kila mtu, vidogo kama vidonge vya klorokini, kwa sababu, alisema, mwaka 2024 tani moja ya kakao ilivuka dola 10,000 kwenye soko la dunia na hakuna tena mchezo. Kwanza unatazama kama inang'aa. Unavunja, unasikiliza: nzuri inalia "tak". Unanusa. Unaweka ulimini, hutafuni, unangoja iyeyuke, maana mafuta ya kakao yanayeyuka kabla kidogo ya kufikia joto la mwili.

Alipofika kwenye kungoja, watoto walikuwa wamemeza vyote vinne na maganda wameshayalamba.

Cha Mama mkubwa kilikuwa na utando mweupe. "Hii imeota ukungu," akasema. Shemeji akaapa si ukungu, ni mafuta yake tu, yaliyeyuka safarini yakapanda juu yakaganda tena. Mama mkubwa akasema ahaa, ndiyo, amesikia, akakifuta kwa ncha ya kitenge chake pande zote sita.

Shemeji akaendelea kutueleza Ubelgiji ni nini katika mambo haya, kwamba hata praline, ile chokoleti yenye kitu laini ndani, ilibuniwa na Jean Neuhaus pale Brussels mwaka 1912. Nikamwuliza Brussels ina mikakao mingapi. Akasema hilo si swali. Mkakao unataka joto la karibu na ikweta. Nikasema aah.

Tukafika kipande cha mwisho, asilimia 85. Mimi kilinirudisha utotoni, kwenye kwinini. Mama Neema alikitoa kwa heshima, kwenye leso. Motari ndiye aliyebaki nacho mdomoni, katulia, kafumba macho hasa. Kisha akasema:

"Hii waliikausha juu ya moto."

Shemeji akamwuliza anajuaje.

"Ina moshi nyuma ya ulimi. Kwetu mvua ikikataa kuacha, wengine wanaweka kakao juu ya moto ili wauze haraka. Mnunuzi akiinusa anakata bei. Unatakiwa uifunike majani ya migomba siku tano, sita, unageuza, hadi inanuka kama siki, halafu jua. Jua tu." Akameza. "Na ile ya pili ilikuwa nzuri. Mwenye ile alikuwa na subira."

Kimya. Nikachukua karatasi ya ile ya mwisho nikaisoma mbele na nyuma. Iliandikwa mambo mengi, maua, asali, tumbaku hafifu. Moshi hawakuutaja. Shemeji akamwongezea motari kipande cha ile ya pili bila kuombwa, na kuanzia hapo akawa anamwita "mukubwa".

Jioni watu wakapanda ngazi wakiwa wepesi, wanaimba. Nani alibaki chini na ndoo? Nusu ndoo ya maji ya baridi na chumvi kilo tatu, na ngazi 112 zinanisubiri. Sikuwa na akili ya kufikiri. Niliona bustani pembeni, nikamwaga pale, nikapanda mikono mitupu kwa furaha ya kwanza ya siku nzima.

Jumatano shemeji na watoto walikuwa wameshapiga kura kwamba Jumamosi inayofuata turudie, safari hii ya matunda ya marakuja. Nilikuwa natafuta maneno ya kukataa pale simu ilipolia. Mama mkubwa.

"Mkwe wangu, habari ya nyumbani? Watoto wazima?"

"Wazima, Mama."

"Mungu ni mwema. Nilitaka kukuuliza tu. Mboga yangu ya lengalenga kule chini imekuwa njano yote. Siku ile ya pikiniki, hukuona mtu amepita pale?"