Rimu za mjomba, kanzu za washenga

Mjomba alinunua rimu kwa macho. Alizikuta dukani, 15×10 (kipenyo inchi 15, upana inchi 10), zimezama ndani kama sufuria la pilau, akauliza jambo moja tu: matundu yake 6 ya PCD 139.7 (kipenyo cha duara la matundu, kwa milimita) yataingia kwenye Hilux yake ya zamani, ile ya ekseli nzima mbele? Yakaingia. Kwake hesabu ikaishia hapo.

Nikamwamkia, nikatoa tepu. "Mjomba, ngoja nipime kwanza."

"Marahaba. Mjomba, wewe kapime kanzu ya posa. Gari niachie."

Nikapima hivyo hivyo. Rimu unailaza kifudifudi, unalaza ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, halafu unashuka na tepu hadi pale inapokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Rimu ya zamani, ya inchi 7, ilitoa milimita 117. Upana wake mzima ni kama 203, kwa sababu inchi zilizogongwa kwenye rimu huhesabiwa pale tairi linapokaa, na kingo mbili huongeza karibu inchi 1. Nusu ya 203 ni 101.5, itoe kwenye 117, ofseti, yaani umbali kutoka katikati ya rimu hadi pale inapokaa kwenye habu, ni kama +15. Rimu mpya ilitoa 96, na nusu ya upana wake ni 140. Ofseti −44! Kwa ndani rimu imesogea milimita 21 tu, kwa nje imetokeza 97. Karibu sentimita 10 kila upande, hakuna bati la kuzifunika. Na kwa kuwa tairi la 31×10.50 (kimo inchi 31, upana 10.50) ni jembamba kwa rimu ya inchi 10, muuzaji akamfungia 33×12.50.

"Sasa gari limesimama," mjomba akasema.

Siku ya posa mvua ilikuwa imekesha. Mzee mwenye barua alikaa mbele na mjomba. Mimi na washenga wengine tukapanda bodi, kanzu nyeupe zimepigwa pasi mpaka zinakata. Tulipoacha lami ya Soni tukaingia udongo mwekundu wa Usambara, na hapo milimita 97 zikaanza kazi. Madigadi yapo kuzuia tope linaloruka kutoka kwenye tairi. Tairi likiwa nje ya madigadi, tope lina uhuru wake. La kwanza lilimpata mjomba kwenye kiwiko alichokitoa dirishani. La pili lilimpata mdomoni, akiwa anaimba. Yaliyobaki yote yalikuja bodi.

Kwenye kona kali ya mlima tukasikia *krrrrr*, kisha harufu ya mpira. Tairi la mbele halizungukii palepale lilipo, linazunguka kingpini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia unapokata kona. Ukilisogeza mbali na kingpini linachora duara kubwa, na hili la inchi 33 lilikwenda kuuma nyuma ya madigadi. Steringi ikagoma nusu ya kona. Kila jiwe lililogusa tairi likaupokonya usukani mikononi mwa mjomba, maana mkono wa wenzo, yaani umbali kutoka kingpini hadi tairi, ulikuwa umerefuka. (Beringi za habu nazo hulipa deni hilo hilo, ila taratibu.) Ikabidi arudi nyuma, nasi tushuke tusukume. Nani asukume Hilux kwenye tope abaki na kanzu?

Tulipobisha hodi, mwenyeji alitutazama kwa huruma. "Poleni vijana. Washenga wenu wako nyuma?"

"Ndio sisi, mzee."

Tukapewa maji, sabuni na kanga za kujifunga wakati kanzu zinafuliwa. Mahari ikatajwa, tukaitikia yote. Utabishanaje na mtu, nawe umejifunga kanga ya mkewe?

Siku hizi Hilux inavaa 15×8 ofseti 0 na 31×10.50. Nje imetokeza milimita 28, ndani tofauti ni 3, na kona inakatika bila kelele. Zile za inchi 10 hazijapata mteja. Ziko uani zimelazwa chali, na kina cha milimita 183 kutoka ukingo hadi habu kinamtosha kuku kuatamia bila kuonekana mkia.