Timu ya mbio ndiyo ilikuwa bei rahisi, na ndiyo imekatwa

Juzi nimetoka shifti ya usiku, nimeingia kwa gari nikaangalia simu nikakuta mtoto wa dada yangu amenipigia mara nane. Huyu kijana hanipigangi, yeye ni wa kutuma voisi, tena ndefu, kwa hivyo moyo ukaruka, nikajua ni visa, ama ni polisi, ama kuna mtu ameaga nyumbani na wameogopa kuniambia. Kumbe ni timu. Chuo chake (sikitaji, bado anasoma hapo na bado anahitaji barua zao) kiliita wakimbiaji wote kwa Zoom, wavulana na wasichana, mkurugenzi wa michezo akasoma karatasi dakika kumi na moja, nyinyi maliza msimu, baada ya hapo hakuna mbio za nyika wala riadha hapa, maswali tumeni kwa imeli. Kochi naye alikuwa kwa hiyo Zoom, kamera amezima. Baadaye wakajua ameambiwa saa moja tu kabla yao.

"Mjomba, sasa mimi hapa ni nani?" Hilo ndilo swali aliniuliza. Amekuja Marekani akiwa mkimbiaji. Chuo ni kidogo, mji uko katikati ya mashamba ya mahindi, duka kubwa mpaka upate mtu wa kukubeba na gari. Ukimwondolea mbio, anabaki kijana wa Elgeyo Marakwet aliyepotea njia akatokea kwa mahindi ya wenyewe.

Sasa nikiwaambia watu wa nyumbani hii maneno, wengi wanashangaa, si Marekani wana pesa, si tunaona viwanja vyao kwa TV vimejaa watu laki moja. Ni kweli viwanja vimejaa. Lakini hizo ni pesa za futboli ile ya helmeti, na za vyuo vikubwa kama Ohio State na Alabama. Kuna vyuo mia tatu na kitu kwa ile Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na vingi havijai uwanja wowote, vinaendesha michezo kwa karo na ada za wanafunzi pamoja na mgao kidogo unaotoka NCAA.

Halafu ikaja ile kesi ya wanamichezo wa vyuo waliodai kulipwa, wanaiita House. Tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken wa California akapitisha maafikiano: NCAA italipa karibu dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa zamani, polepole kwa miaka kumi, na vyuo vinavyotaka vinaweza kulipa wanamichezo wao moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja kwa mwaka wa kwanza, yaani 2025-26. Mimi siwezi kupinga hiyo, nisiwadanganye. Wale vijana wa futboli walivunjwa magoti miaka na miaka wakiletea watu mabilioni, kochi anajenga nyumba ya tatu na mchezaji hana pesa ya piza. Walipwe. Shida yangu iko kwa nani anatoa hizo bilioni. Sehemu kubwa NCAA inaipata kwa kupunguza ule mgao wa vyuo, vyote, hata vile ambavyo havijawahi kuona mchezaji wao kwa TV. Chuo kidogo kinalipa deni la harusi ambayo hakikualikwa.

Na ona vile vimeanza kuanguka. Cal Poly, chuo cha California, wamefuta kuogelea mwezi wa Machi 2025. UTEP, chuo kikuu cha Texas kule El Paso, wamefuta tenisi ya wanawake, na UTEP ndiyo ile ya Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyepata medali ya fedha ya mita 5000 Moscow 1980, wazee wanamkumbuka. Lakini ile iliniuma roho ni ya Saint Francis, chuo cha Wakatoliki huko Loretto, Pennsylvania. Timu yao ya mpira wa kikapu ilifika mashindano ya taifa, yale ya Machi ambayo nchi nzima inasimama, wakapoteza kwa pointi mbili tu, 70 kwa 68, kwa Alabama State. Wiki moja baadaye chuo kikatangaza kinaondoka Divisheni ya Kwanza kinashuka mpaka ya Tatu. Divisheni ya Tatu haina skolashipu za michezo kabisa. Yaani umefika kilele cha mlima, unateremka, unakuta nyumba imeuzwa.

Nirudi kwa mbio kwa sababu ndizo nazijua, nilizikimbia pia, vibaya.

Timu ya mbio za nyika inahitaji nini? Kochi mmoja, na mara nyingi huyo huyo ndiye dereva. Vani mbili. Viatu, na vingine vijana wananunua wenyewe. Barabara iko, msitu uko, jua halilipiwi. Sasa linganisha na futboli: timu ya watu zaidi ya mia, helmeti, madaktari, makochi kumi na zaidi, basi tatu, hoteli. Chuo kidogo kikisema kinabana matumizi halafu kinafuta mbio na kubakisha futboli inayofungwa kila Jumamosi, huko ni kuacha nyumba inavuja ukaenda kuuza kikombe. Na pia kuna ile sheria ya 1972 ya usawa wa wanawake, Title IX, sheria nzuri sana, dada zetu wengi wamesoma kwa sababu yake, lakini chuo kikitaka kubakisha wanaume mia moja wa futboli lazima hesabu ilingane mahali, na huwa inalinganishwa kwa kufyeka wanaume wa timu ndogo. Halafu lawama wanawapa wanawake. Futboli hakuna anayeigusa.

Halafu kuna hesabu ambayo wakurugenzi wengine ni kama hawaifanyi. Watu wa nyumbani wakisikia "skolashipu" wanafikiria kila kitu kimelipwa, hadi sabuni. Kwa riadha haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi NCAA iliruhusu Divisheni ya Kwanza skolashipu 12.6 kwa wanaume wa riadha na mbio za nyika pamoja, wanawake 18, na hiyo 12.6 unaikatakata kama chapati kwa watu thelathini, huyu asilimia 40, huyu 25, yule vitabu tu. Inayobaki nani analipa? Mzazi. Kijana wetu alipata asilimia 40, tukaongezea na msaada mwingine wa masomo, na inayobaki tunaijua sisi. Sasa fikiria chuo kidogo, tuseme wakimbiaji 30, kila mmoja baada ya punguzo lake analipa dola 12,000. Hiyo ni 360,000 zinaingia kila mwaka. Toa mshahara wa kochi, toa mafuta ya vani. Ukifuta timu, wangapi kati ya hao thelathini watabaki kwa huo mji wa mahindi? Vyuo vya Divisheni ya Tatu vinajua hii siri kitambo, ndiyo maana vingine vinaongeza timu badala ya kupunguza, kwa sababu kila timu ni njia ya kuvuta wanafunzi wanaolipa karo, na wanafunzi wenyewe wanazidi kupungua, Wamarekani walipunguza kuzaa baada ya 2007 na hao watoto ambao hawakuzaliwa ndio sasa hivi wangekuwa wanaingia chuo.

Lakini pia nisiseme michezo inaokoa kila kitu. Birmingham-Southern huko Alabama, chuo cha zaidi ya miaka 160, kilifungwa tarehe 31 Mei 2024, na siku hiyo hiyo timu yao ya besiboli ilikuwa Ohio inaanza fainali za taifa za Divisheni ya Tatu. Wamevaa jezi ya chuo ambacho jioni hakipo. Hiyo picha hainitoki.

Kuna pia hii ya chuo cha Washington State, ambayo kila Mkenya anayejua riadha anafaa kukaa chini aifikirie. Pullman, mji mdogo, baridi ya kufa mtu. Hapo ndipo Henry Rono alikuwa mwanafunzi 1978 alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 5000, kuruka viunzi na maji, 10,000, kisha 3000. Siku themanini na moja! Julius Korir, dhahabu ya viunzi na maji Los Angeles 1984, wa hapo. Peter Koech aliyekuja kuvunja ile rekodi ya Rono 1989, wa hapo. Sasa vyuo vingine kumi vilihama ile ligi yao ya Pac-12, pesa za TV zikaenda nao, na Juni 2025 Washington State wakatangaza wanaondoa kuruka na kutupa, wanapunguza mbio fupi na viunzi, wanabaki hasa na mbio ndefu. Rafiki yangu mmoja akanitumia kwa WhatsApp na emoji za kucheka, ati unaona, sisi tumepona. Tumepona nini bana. Wamebakisha mbio ndefu kwa sababu ni bei rahisi, kama vile ukikosa nyama unabaki na sukumawiki. Na kesho mzazi wa mtoto wa Spokane, mji wa jimbo hilo hilo, aliyefukuziwa mkuki wake atauliza kwa nini hizo nafasi zilizobaki anapewa mtu wa Eldoret, na sijui utamjibu aje.

Kuna kitu kingine kilikuja na hiyo kesi, nacho ni ukomo wa watu kwa timu. Vyuo vilivyoingia kwa maafikiano vinaweza sasa kumpa skolashipu kila aliye kwa orodha, lakini orodha ya mbio za nyika mwisho ni watu 17, riadha 45. Walioumia ni wale wa nyuma, wale wanaojiunga bila skolashipu, wanakimbia tu kwa kupenda. Jaji mwenyewe alikataa kupitisha mpaka waliokatwa wapewe njia ya kurudi bila kuhesabiwa, lakini njia hiyo ni ya waliokuwepo tu, na kochi halazimishwi kukurudisha.

Wa nyuma ndio huwa wanaibuka, hiyo ndiyo watu hawaelewi. Paul Chelimo, mzaliwa wa Kenya, hakuenda chuo chenye jina kwa mbio kama Oregon. Alianzia Shorter huko Georgia, chuo ambacho hata Wamarekani wengi hawakijui, akahamia UNC Greensboro, ambako hata timu ya futboli hawana, na 2016 huko Rio akachukua medali ya fedha ya mita 5000 akiwa na jezi ya Marekani. Leonard Korir, mkimbiaji mwingine mzaliwa wa Kenya, alipitia Iona, chuo kidogo pembeni ya New York. Hivi vyuo vidogo ndivyo vinamchukua kijana ambaye muda wake ni mzuri na si wa kutisha, Kiingereza chake bado kinachechemea, hana wakala, ana imeli ya kochi tu na video ya mbio iliyopigwa na simu ya mtu.

Na mgeni hajapata hata hiyo raha mpya ya kulipwa. Ukiwa na visa ya F-1, ile ya mwanafunzi, kazi yako ni ile ya ndani ya kampasi, masaa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Matangazo, mikataba, hayo ni ya wenye nchi, wewe ukijaribu unacheza na visa yako. Mmarekani timu ikifutwa anarudi kwa mamake na gari lake, anajiunga na chuo cha jirani. Wetu lazima abaki ameandikishwa masomo kamili ama hadhi yake inaisha, na kulipa masomo kamili bila ile asilimia 40 ni kitu kingine kabisa. Kwangu huyu chuo kimesema kitaheshimu skolashipu yake mpaka amalize, kwa mdomo. Nimemwambia atafute hiyo kwa maandishi. Bado hajapata.

Kwa hivyo ukiwa na kijana nyumbani anaitwa na chuo kidogo, simwambii asiende. Lakini uliza kochi maswali ambayo sisi tuliona aibu kuuliza. Chuo kimefuta timu gani miaka ya karibuni? Timu ikifutwa, skolashipu inabaki? Imeandikwa wapi? Idadi ya wanafunzi inapanda ama inashuka? Kochi mzuri hatakasirika, na akikasirika umepata jibu.

Sisi hatukuuliza. Tulifanya harambee kwa uwanja wa shule ya msingi, chifu akaja, mchungaji akaomba, dada yangu akauza ng'ombe wawili, na mzee mmoja ambaye hata hatuhusiani alitoa shilingi mia mbili akasema huyu atatuletea medali. Kuna daftari ya wote waliotoa. Dada bado anayo.

Kijana anasema bado wanakimbia kila asubuhi saa kumi na mbili, kochi bado anakuja, hakuna aliyewaambia waendelee na hakuna aliyewaambia waache. Ana mbio tatu zimebaki.

Jana dada ameniandikia, ati watu wa ile daftari wanauliza mtoto anaendelea aje, awaambie ama anyamaze kwanza. Sijajibu. Zile tiki mbili zimekuwa za buluu tangu jana, anajua nimesoma.