Ubuyu wa moto kwenye friji ya shangazi

Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda kukaa kwa shangazi, Majengo, Moshi, nikingoja matokeo. Februari ya Moshi huijui mpaka ulale chini ya bati. Unafungua mlango asubuhi, unaiona theluji ya Kibo kule juu, mita 5,895, kama inakucheka, na shati limeshalowa kabla hujanywa chai.

Shangazi aliuza barafu za ubuyu. Ijumaa moja akaniachia kazi: "Chemsha ubuyu, uache upoe, ndiyo uweke kwenye friza. Na nyama usiiguse." Nyama yenyewe kilo 6, ya kipaimara cha binamu yangu, Jumapili.

Sasa, mimi si nilisoma fizikia? Nilimjua Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, ambaye mwaka 1963 aliwahi nafasi kwenye friza kwa kuweka maziwa ya aisikrimu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwaka 1969 yeye na Dkt. Denis Osborne wakaliandika jambo hilo, na wanasayansi wanalibishania hadi leo. Nikasema, kama maziwa yaliwezekana Lushoto, ubuyu utashindikana vipi Majengo?

Nikabeba sufuria ya lita 4 ikifuka mvuke, nikaikalisha juu ya ile barafu nene ambayo sijui shangazi aliiyeyusha lini. Ikalia tsss. Nikafunga mlango, nikaenda kijiweni kucheza drafti.

Niliporudi jioni, sufuria ilikuwa imeyeyusha barafu chini yake, ikazama vidole viwili, halafu maji yakaigandia pembeni. Haitoki. Ubuyu katikati bado vuguvugu. Nyama, asubuhi ngumu kama tofali, ukiibonyeza inabonyea.

Hesabu nilizipiga baadaye, zilipokuwa hazina faida. Jotoridi ni zile nyuzi unazosoma kwenye kipimajoto. Joto ni mzigo wenyewe. Kijiko cha ubuyu wa nyuzi 90 na sufuria nzima ya nyuzi 90 vina jotoridi moja, ila lita 4 zikishuka hadi sifuri zinaachia joto la kuyeyusha zaidi ya kilo 4 za barafu. Na mimi mzigo huo nilimtwisha jirani yake, nyama.

Mtu mwenye akili angezima friji akangoja. Mimi nikachukua kisu.

Pigo la tatu: psssss.

Nikaweka kidole. Gesi ikapita pembeni, kidole kikaniuma kwa baridi, nikakaa hivyo nimeinama kama ninayeungama, mpaka ikaisha yenyewe.

Fundi alikuja, akashika nyavu za nyuma ya friji. "Friji haitengenezi baridi, dogo. Inabeba joto la ndani, inalimwaga huku nyuma. Wewe umemtwika punda mzigo, halafu ukamchinja."

"Gesi haiwezi kurudi?"

"Irudi itoke wapi? Saa hizi iko Himo."

Mwalimu wetu alijaza ubao mzima kwa entropia, ile tabia ya vitu kutawanyika na kutorudi vyenyewe, na sikuambulia kitu. Fundi alimaliza mada kwa neno moja, Himo.

Shangazi akaingia. Nikasema shikamoo, hakuitikia. Nikaanza kujieleza: "Shangazi, ni yule Mpemba..."

"Mpemba gani? Yule muuza mitumba? Nani kamruhusu kuingia jikoni kwangu?"

Nyama yote tuliichemsha usiku ule kwa mkaa, mimi nikipepea, hadi saa nane. Tulipomaliza, shangazi akafungua friza, akashika sufuria kwa vidole viwili. Barafu ilikuwa imeyeyuka, ikanyanyuka bila taabu yoyote. Akaiweka mbele yangu pamoja na kikombe.

"Haya, mwanasayansi. Kunywa."

Zilikuwa lita 4, na zote vuguvugu.