Kilatini cha nyumbani: kukariri kwanza au kusoma kwanza?

Ukifungua ukurasa wa kwanza wa Familia Romana, kitabu cha mwalimu wa Denmark aitwaye Hans Ørberg, unakutana na sentensi ya maneno manne: "Roma in Italia est." Hakuna Kiingereza, hakuna jedwali, hakuna maelezo. Ipo ramani, na mtoto wa miaka kumi ataelewa kabla hujamwambia neno. Ukifungua First Form Latin ya Memoria Press, kampuni ya Louisville, Kentucky, unaanza na kitenzi cha kupenda: amo, amas, amat, amamus, amatis, amant. Mtoto atakiimba mpaka kimkae kinywani, kisha ataongezewa wakati uliopita, ujao na mwingine, hadi njeo zote sita, na bado hajasoma hadithi hata moja.

Wazazi wanaosomesha watoto nyumbani Marekani, jambo ambalo kufikia mwaka 1993 lilikuwa halali katika majimbo yote 50, wanabishana sana juu ya njia hizi mbili. Majina ya mitaala ni mengi, bei zinatofautiana, kila mtu ana wake anaousifia. Lakini karibu kila mtaala unaegemea upande mmoja: sarufi kwanza au usomaji kwanza. Kwa maoni yangu, mabishano mengi yanaruka jambo linaloamua mambo yote, nalo ni huyu mtu mzima atakayekaa mezani na mtoto. Yeye anajua Kilatini kiasi gani?

Kwanza, kwa nini Kilatini kabisa? Mwaka 1947 mwandishi wa hadithi za upelelezi Dorothy Sayers alitoa hotuba Oxford akilalamika kwamba shule zinafundisha masomo lakini hazifundishi kufikiri. Aliugawa utoto katika hatua, na ya kwanza akaipa jina la kasuku: umri ambao mtoto hufurahia kukariri chochote, hata asichokielewa. Msingi wa umri huo, akasema, uwe Kilatini. Mwenyewe alikiri kwamba uzoefu wake wa kufundisha ulikuwa mdogo sana, sehemu ambayo mashabiki wake huipita haraka. Mwaka 1999 Jessie Wise na binti yake Susan Wise Bauer wakatoa mwongozo mnene, The Well-Trained Mind, uliozigeuza fikra za namna hiyo kuwa ratiba ya nyumbani, na Kilatini kikaingia jikoni kwa watu ambao hawakukisoma kamwe.

Pamoja nacho zikaja ahadi kubwa: kinanoa akili, kinafundisha mantiki, kinarahisisha lugha nyingine zote. Ahadi hizi ni za kupokea kwa tahadhari. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alizipima miaka ya 1920 na hakuona kwamba Kilatini kinaipa akili nguvu ya jumla kuliko masomo mengine. Mwaka 2003 watafiti Ludwig Haag na Elsbeth Stern walichapisha utafiti wa wanafunzi wa Ujerumani walioanza Kihispania: waliokuwa wamesoma Kifaransa walifanya vizuri zaidi ya waliokuwa wamesoma Kilatini. Ukitaka mtoto aongee Kihispania, basi mfundishe Kihispania; majirani wa kuzungumza naye pale Texas hawakosekani. Upande wa pili, shule za msingi za Philadelphia zilizojaribu Kilatini miaka ya 1960 na 1970 ziliripoti watoto kupiga hatua kubwa katika msamiati wa Kiingereza, na hilo halishangazi: maneno ya sayansi, sheria na tiba yamejaa mizizi ya Kilatini. Kwa hiyo faida ipo, ila ni ya msamiati, ya kuelewa jinsi sentensi inavyojengwa, na ya kusoma Warumi kwa maneno yao. Ya kumfanya mtoto awe na akili zaidi, tuiache kwa wauzaji.

Sababu uliyonayo inabadilisha kitabu utakachonunua. Anayetaka nidhamu ya sarufi ana njia yake, na anayetaka mtoto asome ana yake.

Upande wa sarufi una hoja moja nzito ambayo wapinzani wake huidharau: unaweza kufundishwa na mtu asiyejua Kilatini. First Form inakuja na mwongozo wa mwalimu wenye majibu yote, video za mwalimu anayeeleza, rekodi ya matamshi, kadi za maneno. Mzazi anashika kitabu cha majibu, mtoto anatamka amabam, amabas, amabat, na kosa linaonekana papo hapo. Wiki inapimika. Kwa mama mwenye watoto watatu na kazi ya zamu ya usiku, jambo hilo si dogo.

Na kukariri bila kuelewa si ujinga kama wengi wanavyodhani. Aliyelelewa Lamu au Unguja akapitia chuo cha Kurani anajua: alihifadhi Juzuu ya Amma akiwa mdogo, maana ikaja baadaye, na ilipokuja ilikuta maneno yameshakaa tayari yanaisubiri. Tofauti ni kwamba mtoto wa chuoni aliyasikia maneno yale kila siku nyumbani na msikitini, yakiwa na kazi. Majedwali ya Kilatini hayasikiki popote nje ya daftari. Mtoto anaweza kumaliza miaka miwili akiimba miisho ya nomino za makundi yote matano, ukampa aya moja nyepesi, akaanza kuichimba kama mtu anayefumbua fumbo: atafute kitenzi, atafute mtenda, apange upya. Huko ni kufumbua, na mtoto wa miaka 12 huchoka nako upesi.

Kozi iitwayo Henle inakuza kasoro hiyo kwa umri huu. Padri Robert Henle, Mjesuiti, aliandika kozi yake miaka ya 1940 kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Ni kozi imara: maneno machache kwa makusudi, mazoezi mengi kupindukia, sentensi za askari, Wagalia (watu wa Ufaransa ya kale), Wakristo na Bikira Maria. Classical Conversations, mtandao wa vikundi vya familia zinazosomesha nyumbani, umeisambaza kwa maelfu ya familia, na baadhi huanza nayo mtoto akiwa na miaka 12 tu. Mimi ningesubiri mpaka 14. Vita vya Wagalia vinataka subira ambayo watoto wengi wa umri wa chini hawana, na si kosa lao.

Upande wa usomaji unashinda kwa furaha. Cambridge Latin Course, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1970, inampeleka mtoto Pompeii nyumbani kwa Caecilius, ambaye alikuwa mtu kweli, mfanyabiashara wa fedha ambaye mbao zake za hesabu zilifukuliwa mwaka 1875. Kuna mke, mwana, mpishi Grumio, mbwa Cerberus. Mtoto anafungua kitabu ili ajue yatakayofuata, na mwisho wa kitabu cha kwanza mlima Vesuvius unalipuka, mwaka 79, na Caecilius anakufa. Watoto hulia. Hakuna aliyewahi kulilia jedwali, isipokuwa kwa sababu nyingine.

Shida ni mzazi yule yule asiyejua Kilatini. Mtoto anasoma "Iulia rosam carpit", anatazama picha, anasema Julia anachuma waridi. Sawa. Muulize ile m mwishoni mwa rosam inafanya nini, anyamaze. Na mzazi naye hana la kumwambia. Kwa sura chache za mwanzo kubahatisha kunatosha. Kisha sentensi zinarefuka, picha hazisaidii, na safari inakwama njiani bila yeyote kujua ni lipi lililorukwa. Ørberg hakuandika kwa ajili ya watoto peke yao. Familia Romana ina sura 35 na maneno 1,500 hivi, na kasi yake inaongezeka bila kumsubiri mtu. Akiwepo mwalimu anayejua lugha, hata wa mtandaoni mara mbili kwa wiki, ni kitabu bora kuliko vyote nilivyovitaja. Asipokuwepo, usiweke matumaini yote hapo.

Kwa mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani kuna nafuu ambayo vitabu hivi, vilivyoandikwa kwa watoto wa Kiingereza, havijui kuwa ipo. Anayesema "kitabu kizuri" na "vitabu vizuri" hashangai kivumishi kikibadilika kufuata nomino yake. Anayesema "anapenda" hashangai amat kuwa na mtenda ndani yake. Kurasa ndefu zinazomwelezea mtoto wa Kiingereza jambo hilo, yeye anazipita kwa kicheko. Lakini nafuu ina mpaka. Kwetu mpangilio wa maneno ndio unaoonyesha nani kamuuma nani. Kilatini kinaweza kusema "hominem canis mordet", neno kwa neno "mtu mbwa anauma", na aliyeuma akabaki kuwa mbwa. Hilo ni geni kwake kama kwa jirani yake. Tena watoto wengi wa ughaibuni wanasikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, basi mzazi asijidanganye kuhusu mtaji alionao.

Kuna jambo jingine ambalo mijadala ya mitaala huligusa juujuu, nalo kwa mtoto mweusi Marekani haliwezi kupita hivihivi: utumwa. Nyumba ya Kirumi ni nyumba ya watumwa, na vitabu vya usomaji vinaingia ndani ya nyumba hiyo ukurasa kwa ukurasa. Katika matoleo ya zamani ya Cambridge, Caecilius anamnunua kijakazi Melissa, na tukio zima linasimuliwa kama kichekesho: wanaume wamefurahi, mke amenuna. Familia inayoijua historia ya Bagamoyo na Mkunazini, na sasa inaishi katika nchi yenye historia yake ya pamba na minyororo, haitacheka. Toleo la tano, la mwaka 2022, limeandikwa upya kwa uangalifu zaidi juu ya utumwa, na limemwongezea Caecilius binti, Lucia. Ukinunua vilivyotumika ili kuokoa dola, angalia toleo. Ørberg naye ana watumwa, lakini simpunguzii alama hapo: bwana wa nyumba anaonekana akipiga, na mtumwa Medus anaiba fedha na kutoroka amfuate mwanamke anayempenda. Mtoto anaweza kumshangilia Medus, na mjadala mzuri ukaanza. Vitabu vya sarufi vinakwepa suala hili kwa kutokuwa na hadithi. Servus, yaani mtumwa, linabaki neno la kukariri tu, baya zaidi labda, kwani linakaririwa bila mtu.

Matamshi yasikuchukulie muda. Memoria Press inafuata matamshi ya kanisa, ambapo caelum ni "chelum". Cambridge inafuata ya kale, "kailum". Familia ya Kikatoliki iliyozoea Salve Regina itaona ya kwanza ni ya nyumbani. Chagua moja, usichanganye, endelea. Kuhusu ushahidi wa nje, ambao majimbo kama New York yenye ripoti za kila robo mwaka huufanya uwe na thamani, mtihani wa taifa wa Kilatini, National Latin Exam, unapokea pia wanaosoma nyumbani. Unauliza habari za miungu, barabara na maisha ya Warumi, si sarufi peke yake, na mtoto wa majedwali hushtukia hilo siku ya mtihani.

Basi ningefanyaje? Mzazi asiyejua Kilatini, mtoto wa miaka 9 hadi 11: sarufi, polepole, mwaka mmoja wa kitabu ukienda miwili si dhambi, na mzazi akariri pamoja na mtoto siku nne kwa wiki. Asiyeweza siku hizo nne asianze. Kuna masomo mengine yanayovumilia uzembe, hili halivumilii. Mzazi aliyekisoma seminari, au mwenye uwezo wa kumlipa mwalimu: Ørberg tangu mwanzo, na jedwali pembeni la kuthibitisha kile ambacho mtoto ameshakiona kwenye hadithi. Cambridge ningeiweka kwa mtoto asiyependa vitabu, nikijua sarufi yake itahitaji kuongezewa.

Aliyeanza na sarufi ajipime baada ya mwaka. Ampe mtoto sura ya tatu ya Familia Romana, ile ambayo Julia anaimba na kaka yake Marcus anampiga kwa sababu wimbo umemkera, kisha anyamaze asikilize. Mtoto akisoma na kukasirika kwa niaba ya Julia, mwaka ulikwenda vizuri. Akikwama kwenye kila neno huku midomo ikitafuta jedwali, mwaka wa pili uanzie hapohapo kwenye hadithi, kitabu cha sarufi kikifunguliwa Ijumaa tu.