Django au Flask kwa anayeanza Python?

Swali hili huulizwa na mtu ambaye hajamaliza hata wiki ya pili na Python, na wakongwe humjibu kila mmoja akitetea fremuweki yake, yaani Django au Flask, mikusanyiko ya kodi ya Python iliyo tayari kwa kujengea tovuti. Mimi ningemuuliza kwanza: unajifunza lugha, au unataka tovuti? Hizo ni safari mbili.

Django ilizaliwa gazetini. Adrian Holovaty na Simon Willison waliianza mwaka 2003 kwenye Lawrence Journal-World, huko Kansas, Marekani, ambako wahariri walitaka kurasa mpya ndani ya siku, pengine saa chache. Ndiyo maana inakuja na karibu kila kitu: akaunti za watumiaji, mawasiliano na hifadhidata, hata ukurasa wa msimamizi unaowashwa kwa mistari michache. Mwenye mteja anayesubiri ataishukuru. Tena kuna suala la usalama, ambalo watetezi wa Flask hulipita haraka mno: mwanafunzi anayejijengea mwenyewe sehemu ya kuingilia anaweza kabisa kuhifadhi nywila za watu zikiwa wazi, kwa kutojua tu. Django haimwachii nafasi hiyo kirahisi.

Lakini tazama mstari huu: Bidhaa.objects.filter(bei__gte=500). Anayeanza ataamini kwamba vile vistari viwili vya chini na "gte" ni Python. Sivyo. Ni Django inayolisoma jina hilo na kuligeuza kuwa ombi la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata: nipe bidhaa za bei ya 500 kwenda juu. Hata "objects" hakuiandika popote. Django iliiweka kimyakimya darasa (class) la Bidhaa lilipoundwa. Kosa likitokea, anamwagiwa orodha ndefu ya mafaili asiyoyajua, na hapo ndipo wengi huamua kwamba Python ni ngumu, ilhali Python yenyewe hawajakutana nayo.

Flask, aliyoitoa Armin Ronacher mwaka 2010, hutosha kwenye faili moja: fanksheni, dekoreta juu yake (mstari unaoanza na @, unaoiambia Flask ni anwani gani iiite fanksheni hiyo), na maneno yanayorudishwa yanaonekana kwenye kivinjari. Ukiuliza dekoreta ni nini, umeuliza swali la Python. Haikosi mafumbo yake, maana "request" huonekana kama kitu kimoja cha programu nzima, kumbe hubadilika kwa kila ombi linaloingia. Na hifadhidata unajichagulia mwenyewe, kabla hujajua vigezo vya kuchagulia.

Kwa anayetoka PHP au Java, aliyekwisha kuandika SQL kwa mkono, sioni sababu ya kuchelewa: aende Django. Kwa ambaye Python ndiyo lugha yake ya kwanza, ningemwomba aanze na moduli ya sqlite3, ya hifadhidata ndogo, inayokuja na Python, aandike mwenyewe SELECT zake, yaani amri za SQL za kusoma data, kisha azionyeshe kwa Flask. Akifika Django baadaye na kukutana na bei__gte, ataijua SELECT iliyojificha nyuma yake.