Mkataba wa dalali: miezi mitatu inatosha, ila soma na mkia wake

Ukipita Tabata, Sinza au Mbezi utakutana na ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi." Mwenye nyumba kawajibu matapeli na madalali kwa mpigo mmoja. Ajabu ni kwamba nyumba inayouzwa kweli haina maandishi yoyote ya maana. Mwenye mali anampa kazi kila dalali anayebisha hodi, bei inatajwa kwa mdomo, tarehe ya mwisho haipo, na mwaka unakatika huku watu wa kuja "kuangalia tu" hawakomi.

Siku hizi kampuni za mawakala jijini Dar es Salaam zimeanza kuja na karatasi. Zinataka mkataba wa kipekee, yaani kwa kipindi fulani nyumba iuzwe na wao tu, na kipindi hicho mara nyingi ni miezi sita au mwaka. Wenye nyumba wengi wanashtuka, wanasema mwezi mmoja unatosha, ukishindwa nipishe. Kila upande una hoja. Tuanze na hoja nzito za wakala, zile ambazo hatupendi kuzisikia.

Dalali halipwi mpaka nyumba iuzwe. Kabla ya hapo anapiga picha, anaweka matangazo, anajibu simu za watu wanaouliza bei ya nyumba ya vyumba vitano wakiwa na hela ya chumba na sebule. Anampeleka mteja Kigamboni, anarudi naye, mteja anasema atamshauri mke wake. Tukio la kurukwa ni la kila siku: mteja na mwenye nyumba wanabadilishana namba mlangoni, wiki mbili baadaye wanamalizana wenyewe, dalali anapata habari kwa jirani. Mtu anayejua kwamba baada ya siku thelathini atawekwa kando hatatoa hela yake mfukoni kupiga picha nzuri. Ataweka picha mbili za simu, ataandika "maongezi yapo," kisha atasubiri bahati.

Halafu kuna kalenda. Siku tisini zinazoanzia Machi si sawa na siku tisini zinazoanzia Juni. Masika yakishika, barabara za ndani za Goba na Kinyerezi hazipitiki kwa gari dogo, na wateja wanaahirisha. (Wapo wajanja wanaokuja kuangalia nyumba wakati huohuo wa mvua makusudi, waone maji yanapita wapi. Hao ndio wanunuzi, ila ni wachache.) Watanzania wanaoishi nje nao huonekana zaidi likizo ya Desemba. Mkataba wa miezi miwili uliosainiwa mwanzoni mwa masika ni kama haukusainiwa.

Faida ya upekee wenyewe inaonekana vizuri kwenye nyumba ya urithi. Baba kafariki, kaacha nyumba Ilala, watoto wanne. Kaka mkubwa kampa dalali mmoja kwa milioni 150. Dada kampa mwingine kwa milioni 170. Mdogo wao, ambaye ada ya chuo inamsubiri, kaitangaza mtandaoni kwa milioni 135. Mnunuzi anayeijua kazi yake huona matangazo yote matatu, anaanzia kwenye 135 na kuteremka. Hapo mkataba mmoja, wenye bei moja, uliosainiwa na msimamizi wa mirathi, unaokoa fedha nyingi kuliko kamisheni yoyote. Na familia kama hiyo haiwezi kuelewana kila mwezi upya. Inahitaji muda wa kutosha watu watulie.

Sasa upande wa pili. Muda mrefu humpa dalali kitu ambacho mwenye nyumba hakioni kwa haraka: nafasi ya kusubiri kwa gharama ya mwingine. Tuseme wewe unataka milioni 120. Kama hamkuandikiana kamisheni, dalali ataitangaza kwa milioni 140 ili apate cha juu. Akiwa na mwaka mzima mbele yake, hana haraka ya kuteremka. Nyumba inakaa sokoni, inazoeleka, watu wanaanza kuulizana ina kasoro gani. Mwenye mali ndiye anayelipa mlinzi, kodi ya ardhi na umeme wa taa za nje. Ukiwa na kampuni kubwa yenye nyumba nyingi hali inaweza kuwa mbaya kwa namna nyingine: yako inaingizwa kwenye orodha, inapigwa picha siku ya kwanza, halafu inasahaulika, na wewe huruhusiwi kumgusa dalali mwingine.

Wanaodai mwezi mmoja, hata hivyo, hawajapiga hesabu ya wiki za mwisho. Chukua kamisheni ya asilimia 5. Nyumba ikiuzwa milioni 120, wakala anapata milioni 6. Ikiuzwa milioni 110, anapata milioni 5 na nusu. Tofauti kwake ni laki tano. Kwako ni milioni kumi kasoro hiyo laki tano. Mkataba unapokaribia kuisha, kwake ni afadhali laki tano ipotee kuliko milioni zote sita. Ndipo simu zinapoanza: "Mzee, hela ipo mezani, huyu mteja akiondoka hatumpati tena." Pengine ni kweli. Lakini kadiri muda ulivyo mfupi ndivyo simu hizo zinavyokuja mapema, na mwenye shida ya fedha hukubali. Kwa hiyo muda mfupi sana haumlindi mwenye nyumba kama anavyodhani. Unahamisha haraka ya dalali na kuiweka mabegani mwake.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo mizizi yake ni ile ya India ya mwaka 1872, inamruhusu mwenye mali kumwondolea wakala mamlaka kabla hajayatumia. Ila pale ambapo mmekubaliana, kwa maneno ya wazi au kwa mwenendo unaoeleweka hivyo, kwamba uwakala udumu kipindi fulani, anayeuvunja kabla ya wakati bila sababu ya kutosha anatakiwa kumfidia mwenzake. Wasomaji wengi wa mikataba hawalioni hili. Tarehe unayoiandika ina kazi mbili: inakuambia lini utakuwa huru, na inaweka msingi wa kudaiwa fidia ukijitoa kabla. Kuandika "miezi kumi na miwili" kwa sababu wakala kasema ndiyo fomu yao ilivyo kuna uzito huo.

Wakala naye asijipe moyo kupita kiasi. Kwenye kesi maarufu ya Uingereza ya Luxor dhidi ya Cooper, iliyoamuliwa mwaka 1941, wakala alikuwa ameahidiwa pauni 10,000 endapo mauzo ya majumba ya sinema yangekamilika. Alileta wanunuzi, wenye mali wakaghairi kuuza, naye akadai. Alishindwa. Mahakama ya juu ilikataa kuingiza kwenye mkataba sharti ambalo halikuandikwa, la kumzuia mwenye mali kubadili nia. Jaji Russell hakuacha kutaja kwamba pauni 10,000 kwa kazi ya siku nane au tisa si malipo haba, kwani zililingana na mshahara wa mwaka mzima wa Lord Chancellor, mkuu wa mahakama zao wakati huo. Wakala anayelipwa kwa matokeo, kwa mtazamo wa majaji hao, anabeba hatari ya kukosa kwa tamaa ya kupata kikubwa. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, lakini fikra yake ni ya kawaida katika nchi zenye mfumo wa sheria kama wetu: anayetaka kulindwa aandike.

Kwa maoni yangu, ugomvi wa miezi mingapi umechukua nafasi kubwa mno, na jambo lenyewe lipo ukurasa wa nyuma. Namaanisha kifungu cha baada ya mkataba, ule mkia. Huwa kinasema kwamba hata mkataba ukiisha, nyumba ikinunuliwa na mtu aliyeletwa na wakala ndani ya siku kadhaa, kamisheni italipwa. Kifungu hiki ni cha haki kabisa. Bila hicho kila mteja angeambiwa asubiri mkataba uishe ndipo aje na bei yake. Tatizo ni kinavyoandikwa. "Mteja yeyote aliyeifahamu nyumba kupitia matangazo yetu" ni sentensi inayomeza mji mzima, maana tangazo likishaingia kwenye makundi ya WhatsApp nani atathibitisha kwamba hakuliona? Na kama mkia ni wa mwaka, mkataba wako wa miezi mitatu ni wa miezi kumi na tano. Ukimchukua dalali mpya katikati, unaweza kujikuta unadaiwa na wote wawili kwa nyumba moja.

Mkia mzuri una mipaka. Wakala akabidhi orodha ya watu aliowapeleka nyumbani, kwa jina na namba ya simu, ndani ya siku chache baada ya mkataba kuisha. Asiyekuwemo hamhusu. Siku sitini zinatosha. Pia iandikwe wazi ikiwa wewe mwenyewe unaweza kumuuzia shemeji yako bila kumlipa mtu, kwa sababu ipo mikataba ya kipekee inayokuacha na uhuru huo na ipo inayokunyang'anya, na zote mbili zinaitwa kwa jina lilelile. Na sentensi ya "mkataba huu utajirejesha wenyewe" ifutwe kwa kalamu hapohapo mezani.

Anayeona nakuza mambo aangalie yaliyotokea Marekani. Kampuni ya MV Realty ya Florida iliwapa wenye nyumba fedha taslimu, kuanzia dola 300 hadi 5,000, kwa ahadi kwamba siku wakitaka kuuza wataitumia kampuni hiyo. Ahadi hiyo ilidumu miaka 40. Ilisajiliwa kwenye daftari la ardhi, ikafuata nyumba hadi kwa warithi, na aliyetaka kujitoa alidaiwa asilimia 3 ya thamani ya nyumba. Mwaka 2022 wanasheria wakuu wa majimbo ya Florida, Pennsylvania na Massachusetts waliifungulia kesi, na mwaka uliofuata kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Majimbo mengi yalitunga sheria za kuzuia mikataba ya aina hiyo. Nchini humo mkataba wa kawaida wa kuuza nyumba ni wa miezi mitatu hadi sita. Waliosaini wa miaka 40 hawakudhani wanaweka nyumba sokoni, walidhani wamepewa msaada.

Kwetu hatari ni ndogo kuliko hiyo, ila ipo sababu ya kienyeji inayofanya muda uende bure: karatasi. Mkataba unasainiwa Januari, mteja anapatikana Februari, ndipo inagundulika kwamba hati bado ina jina la marehemu, au kodi ya ardhi haijalipwa miaka mitano, au mke hajaridhia. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mwenzi, na mnunuzi mwenye mwanasheria ataiuliza. Bado kuna uthamini, kodi ya faida ya mtaji (si VAT) ya asilimia 10 ya faida uliyopata kwa kuuza, kwa mkazi, na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Majirani zetu wa Kenya wamezoea kuweka siku 90 za kukamilisha mauzo tangu mkataba wa mauzo usainiwe, yaani baada ya dalali kumaliza yake. Ukichanganya saa ya kutafuta mnunuzi na saa ya kushughulikia ofisi za ardhi, miezi mitatu itaonekana haitoshi, na wakala atakuwa sahihi kuomba sita.

Kwa hiyo ningezitenganisha. Siku tisini za kutafuta mnunuzi, zianze kuhesabiwa pale hati, ridhaa ya mwenzi na risiti za kodi ya ardhi vinapokuwa mkononi mwa wakala, si siku ya kusaini. Siku ya arobaini na tano wakae, wakala aonyeshe wangapi walikuja, walitoa ofa gani, na kila upande uwe na ruhusa ya kuachana kwa taarifa ya wiki mbili bila fidia. Nyumba kubwa ya Masaki au Oysterbay inayotafuta wanunuzi wachache wenye fedha nyingi, au ile ya urithi yenye wasaini wengi, naikubalia miezi sita, kwa sharti lilelile la katikati. Boma ambalo halijaezekwa, au nyumba ya kawaida Mbagala inayogombewa, miezi miwili yatosha. Mwaka sioni anayeuhitaji isipokuwa mwenye kampuni.

Linabaki la wanunuzi wetu wa awamu. Wengi hawachukui mkopo wa nyumba. Wanalipa nusu, halafu robo, halafu wanasubiri mafao au mauzo ya kiwanja chao. Malipo ya mwisho yanaweza kuangukia miezi minne baada ya mkataba wa dalali kuisha. Iandikwe kwamba kazi ya wakala imekamilika siku mkataba wa mauzo uliposainiwa na malipo ya kwanza yakaingia benki, na kwamba kamisheni yake italipwa kwa awamu zilezile, kwa uwiano uleule. Mnunuzi akikwama njiani, wote wawili wamekwama naye, na dalali atakuwa wa kwanza kumpigia simu.